SCX24 au TRX-4M: gari dogo la miamba la kuanza nalo, na pesa ya maboresho iende wapi kwanza

Anayeingia kwenye magari madogo ya rimoti ya kupanda miamba hukutana na majina mawili kabla ya mengine yote: Axial SCX24 na Traxxas TRX-4M. Hapo ndipo swali linapoanza. Achukue lile dogo la bei nafuu aliboreshe kidogo kidogo, au ajibane achukue lile kubwa zaidi ambalo limetoka kiwandani na vitu vingi tayari?

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama raha yako iko kwenye kufungua na kufunga, kubadilisha kipande kimoja na kuona kimeleta nini, chukua SCX24. Kama raha yako iko kwenye kuendesha, chukua TRX-4M na uliache lilivyo kwa muda mrefu. Na lolote utakalochagua, pesa ya kwanza ya maboresho isiende kwenye mota.

Yanavyotoka kiwandani

SCX24 lilitangazwa mwaka 2019. Ni la kipimo cha 1/24 cha gari halisi, yaani urefu wake unakaribia sentimita 20 na uzito wake ni kama robo kilo. Lina ekseli nzima mbele na nyuma, na difu zote mbili zimefungwa, kwa hiyo magurudumu ya ekseli moja huzunguka sawasawa hata moja likiwa hewani. Betri yake ni ya aina ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli mbili, volti 7.4, uwezo wa mAh 350. Shokapu zake zina springi lakini hazina mafuta. Kidhibiti mwendo na risiva, kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, vimewekwa kwenye kibao kimoja. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo sasa, lakini litakugharimu baadaye, na nitalirudia nikifika kwenye mota.

TRX-4M lilikuja mwaka 2022 kwa kipimo cha 1/18, kwanza kwa bodi za Land Rover Defender na Ford Bronco. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni milimita 155. Betri ni ya mAh 750, shokapu zina mafuta, na vifaa vya umeme vimekingwa dhidi ya maji. Difu zake nazo zimefungwa. Lilipotoka liliuzwa dola 149.95 huko Marekani, na SCX24 lilikuwa chini ya hapo.

Tofauti ya 1/24 na 1/18 ukiisoma kwenye karatasi unaweza kuidharau. Ukiyaweka chini utaona TRX-4M ni zito mara mbili na zaidi. Jiwe la ukubwa wa ngumi kwa SCX24 ni ukuta wa kutafutia njia, wakati TRX-4M hulipita kama ngazi. Ndiyo maana mtu mwenye ua mdogo, au anayejenga njia yake ya mawe kwenye kibaraza, hupata changamoto nyingi zaidi na SCX24. Mwenye eneo la wazi lenye mawe makubwa na nyasi, SCX24 litamchosha kwa kunasa kila mahali, na hapo TRX-4M ndilo lenye maana.

Uzito kwanza

Gari la kupanda miamba likishindwa mlima, mara nyingi halishindwi kwa kukosa nguvu. Linashindwa kwa sababu pua inanyanyuka. Magurudumu ya mbele yanagusa jiwe, yanaanza kulipanda, uzito unahamia nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na gari linalala chali. Ukiongeza mota yenye nguvu hapo, unaongeza kasi ya kulala chali.

Dawa ni uzito, ila uzito wa chini na wa mbele. Kwa SCX24 watu hutumia vipande vya brasi, shaba ile ya njano inayotengenezea koki za maji: vibebeo vya magurudumu ya mbele, mifuniko ya difu, na pete zinazokaa ndani ya rimu. Brasi ina uzito wa kama gramu 8.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, alumini 2.7, na plastiki inazidi 1 kidogo tu. Kwa hiyo mtu anapokuonyesha SCX24 lililojaa vipande vya alumini vya rangi ya zambarau, limependeza, na huenda limekuwa imara zaidi, lakini kwenye mwinuko halijabadilika sana. Kati ya alumini na brasi kwa sehemu za chini za mbele, anayeanza achague brasi bila kusita. Alumini ibaki kwa sehemu za juu ambazo hutaki ziwe nzito.

Pima ujue. Chukua mizani ya jikoni, weka magurudumu mawili ya mbele juu yake, na ya nyuma yaweke juu ya kitabu chenye kimo sawa na cha mizani ili gari lisiinamie upande wowote. Andika namba. Geuza gari, pima nyuma. Tuseme mbele umepata gramu 130 na nyuma 120. Ukiongeza gramu 40 kwenye ekseli ya mbele, mbele panakuwa 170 kati ya 290, karibu asilimia 59. Wazoefu wengi hulenga asilimia 60 mbele, na ukishafika hapo utaliona gari limebadilika tabia: linaingia kwenye mwinuko, linasita, kisha linaendelea pale ambapo awali lilikuwa linapinduka.

Ukilifanya hilo hilo kwa TRX-4M, gramu 40 hazitaonekana sana kwa sababu gari lenyewe ni zito. Utahitaji vipande vizito zaidi, na vizito zaidi ni ghali zaidi kununua na kusafirisha. Hapa SCX24 linashinda waziwazi: pesa kidogo huleta badiliko kubwa.

Kabla hujanunua brasi yoyote, kuna vitu vya bure. Sogeza betri mbele. Vua vya juu: kibebeo cha mizigo cha paani, tairi la akiba, madumu ya mapambo. Bodi ya Defender ya TRX-4M inakuja na vitu hivyo, na ni vizuri kuvitazama, lakini kila gramu iliyo juu ya paa inakuvuta chini kwenye mteremko wa kando. Kisha pita kwenye gereji ya matairi uombe vile vipande vya kubandika vya kubalansia rimu, vya gramu 5 na 10. Vikibandikwa chini mbele, vinakuonyesha leo hii kama brasi itakusaidia. Vingine ni vya risasi, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza na usimwachie mtoto avichezee.

Kuna mahali pa kuacha. Uzito ukizidi, mota inachemka, gia zinaliwa, na propela shafti za plastiki za SCX24 zinaanza kujisokota. Nyuma usiongeze kitu mwanzoni. Nimeona magari yaliyowekewa brasi kwenye kona zote nne, mazito kama tofali, na uwiano wa mbele na nyuma umebaki uleule wa kiwandani.

Matairi, na jiwe unalopanda

Ukiniuliza kati ya brasi na matairi kipi kitangulie, nitakuuliza kwanza unaendesha juu ya jiwe gani. Mawe ya Mwanza yale, granaiti yenye chembechembe, yakiwa makavu yanashika lenyewe. Hata tairi la kiwandani la SCX24 hupata mshiko hapo, na kinachokuangusha ni uzito. Kwa granaiti kavu, anza na brasi. Jiwe laini lililosuguliwa na maji, mbao, au jiwe lenye vumbi la kiangazi ni jambo jingine: hapo tairi gumu huteleza hata gari likiwa na uwiano mzuri, na matairi laini ndiyo ya kutangulia. Mwambani pwani, kwenye mawe ya matumbawe yenye ncha, tairi laini kupita kiasi hukatika meno upesi. Chukua la ulaini wa kati, na ukitoka hapo lifute chumvi gari zima, hasa bolti na beringi.

Tairi zuri la gari hili linapaswa kulala juu ya jiwe na kulikumbatia. Libonyeze kwa kidole gumba: la kiwandani linarudi haraka kama mpira wa kuchezea, la laini linakubali umbo la kidole kisha linarudi taratibu. Ndani yake kuna sponji, na sponji ngumu huharibu tairi laini. Ukinunua matairi, angalia na sponji iliyomo.

Matairi mengi ya kiwandani yamegundishwa kwenye rimu. Badala ya kuhangaika kuyabandua, nunua rimu za kufungwa kwa pete na bolti ndogo. Nyingi ni za chuma, kwa hiyo pesa moja inakuletea uzito wa chini na uhuru wa kubadilisha tairi. Rimu za inchi 1.0 zenye heksa (tundu la pembe sita la kukaa kwenye ekseli) ya milimita 7 huingia kwenye SCX24 na kwenye TRX-4M pia, kwa hiyo ukihama kutoka gari moja kwenda jingine huzitupi. Injora ni miongoni mwa wanaouza rimu, matairi na brasi za magari yote mawili kwa bei ambayo anayeanza anaimudu.

Tahadhari moja juu ya rimu zinazochomoza sana nje. Zinaongeza upana, na upana unazuia gari kupinduka kando. Lakini zikichomoza mno, tairi la mbele linazunguka mbali na nguzo yake, linaburuza badala ya kugeuka, na mzigo wote huo unaiangukia servo, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele. Ongeza upana kidogo, jaribu, kisha uamue.

Servo, ambayo ni lazima kwa mmoja na si lazima kwa mwingine

Ukishaweka brasi na matairi laini kwenye SCX24, servo ya kiwandani itaanza kulalamika. Dalili yake huwezi kuikosa: tairi la mbele limebanwa kati ya mawe mawili, unageuza usukani, servo inanguruma na tairi halisogei. Kwenye miamba, kugeuza usukani huku umesimama ni nusu ya kazi, kwa hiyo hili si jambo la kuvumilia. Wengi huweka Emax ES08MA II, servo ndogo yenye gia za chuma. Inahitaji kishikizi chake na mkono wake, kwa hiyo viagize pamoja. Servo ikija peke yake itakaa kwenye droo.

Kuna kitu wauzaji hawakisemi vya kutosha. Servo yenye nguvu zaidi inakula umeme zaidi, na umeme huo unatoka kwenye kile kibao kidogo cha SCX24. Servo ikibanwa sana, volti zinashuka, risiva inazimika nukta moja, na gari linasimama katikati ya mwamba kama lililokatiwa umeme. Ukiona hivyo usidhani betri imekufa. Chagua servo ya nguvu ya wastani, na punguza mwisho wa mgeuko kwenye rimoti kama rimoti yako inaruhusu, ili servo isiendelee kusukuma wakati usukani umeshafika mwisho.

TRX-4M kwa upande huu limejitosheleza. Servo yake ya kiwandani inavumilia matairi ya kawaida na brasi kiasi, na anayeanza hana sababu ya kuigusa mpaka iharibike.

Shokapu

Sitakaa sana hapa. Shokapu za SCX24 zisizo na mafuta zinarukaruka kidogo kwenye mawe madogo, lakini gari hili linatembea polepole na kurukaruka huko hakukuzuii kupanda. TRX-4M lina mafuta tayari na unaliona linavyokaa vizuri. Ukitaka mafuta kwenye SCX24, yapo, ila yaje baada ya vitu vitatu vya juu. La kujua ni kwamba springi laini mno huzidisha ule mjipindo unaotokea ukikanyaga moto kwenye mwinuko: nguvu ya propela shafti inapindisha chasi, kona moja ya mbele inakuwa nyepesi, na gari linaelekea upande ambao hukuuomba. Ukiliona hilo, rudi kwenye springi ngumu kidogo.

Mota mwishoni

Mota ya brashi (vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme kwa kusugua) inayokuja na SCX24 na ile ya Titan ya TRX-4M zote zinatosha kupanda chochote ambacho uzito na matairi yako yanaruhusu. Kinachowavutia watu kwenye mota isiyo na brashi ni utulivu wake kwenye mwendo wa chini kabisa, magurudumu yanapozunguka taratibu kama mshale wa saa bila kushtukashtuka. Utulivu huo ni wa kweli na unafurahisha mno. Lakini tazama hesabu yake kwa SCX24. Mota mpya inataka kidhibiti mwendo kipya, kwa mfano Lizard ya Furitek. Kidhibiti cha kiwandani kimeungana na risiva, kwa hiyo kikitoka na risiva imetoka. Risiva mpya inataka rimoti inayolingana nayo. Ulitaka mota, umenunua vitu vinne, na jumla yake inaweza kuizidi bei ya gari lenyewe.

Ndiyo maana ninasisitiza: aliyeanza juzi asiingie huko. Akae na mota ya kiwandani mpaka aweze kuliendesha gari polepole kwa kidole chake mwenyewe, na aifahamu njia yake ya mawe kiasi cha kuhisi mota ndiyo inayomrudisha nyuma.

Basi hesabu inaangukia wapi

SCX24 pamoja na rimu, matairi, brasi ya mbele na servo linakaribia bei ya TRX-4M, na ukiongeza shokapu linaipita. Anayesema atachukua SCX24 ili kuokoa pesa, huku moyoni ameshapanga kubadilisha kila kitu, hataokoa. Ataokoa tu kama ataishia kwenye brasi na matairi, na kwa kweli wengi wangeweza kuishia hapo wakabaki na gari linalopanda vizuri sana.

Anachopata wa SCX24 ni elimu. Kila kipande anachobadilisha kinaonekana, kwa sababu gari ni jepesi na kila gramu inasema kitu. Badilisha kimoja kwa wakati, na uwe na kipimo chako: ubao wenye msasa juu yake, upande mmoja uuinue kwa vitabu mpaka gari lishindwe, uandike kimo. Weka brasi, rudia. Weka matairi, rudia. Ukibadilisha vyote siku moja utafurahi, lakini hutajua kipi kilikusaidia na kipi kilikula pesa yako bure.

Anachopata wa TRX-4M ni muda wa kuendesha. Betri yake ni kubwa, maji hayamtishi, na mtoto wa miaka 10 akiliangusha kutoka kwenye jiwe la goti lake, mara nyingi linaendelea. Kwa zawadi ya mtoto, au kwa mtu anayeishi mbali na duka lolote la vipuri, ningechagua hili bila mjadala.

Lipo pia FMS FCX24, la 1/24 kama SCX24, lenye gia mbili zinazobadilishwa kwa rimoti na ekseli zilizoinuliwa kwa gia za ziada kwenye kila gurudumu, kwa hiyo tumbo lake linapita juu ya mawe ambayo SCX24 hukwama. Kiwandani linatoka na mengi kuliko SCX24. Nimeliweka pembeni kwa sababu vipuri vyake vya kuboreshea ni vichache kuliko vya SCX24, na anayeanza anahitaji vipuri vingi vya bei nafuu kuliko anavyohitaji gia mbili.

Juu ya kuagiza: tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, na wauzaji wengi wa nje hukataa kabisa kuzituma. Betri iliyo pamoja na gari lake hupita kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo nunua gari lililokamilika lenye betri na chaja, na kama unampata mtu wa kukuletea, betri ya pili iingie kwenye safari hiyohiyo. Chaji ukiwa karibu, usizidishe volti 8.4 kwa seli mbili, na ukiliweka gari kwa wiki kadhaa acha kila seli kwenye volti 3.8 hivi.

Ongeza bisibisi nzuri ya heksa ya milimita 1.5, maana ile ya bure inakula vichwa vya bolti. Bolti nyingi za magari haya huingia moja kwa moja kwenye plastiki. Unapoirudisha, izungushe kwanza kinyumenyume taratibu mpaka uhisi imedondoka kidogo, *tik*, kwenye mfereji wake wa zamani, ndipo uanze kuikaza. Ukiisukuma tu, inachimba mfereji mpya, na baada ya mara chache tundu linakuwa pana na kibebeo cha gurudumu kinaanza kucheza. Gundi ya bolti itumie pale ambapo chuma kinaingia kwenye chuma peke yake, kama kwenye vipande vya brasi. Kwenye plastiki inaifanya iwe kavu na kupasuka.

Oda ya kwanza, basi, kwa aliyechagua SCX24: gari, betri ya pili, bisibisi, vibebeo vya brasi vya mbele, na seti moja ya rimu na matairi. Servo iongeze kama pesa inaruhusu, pamoja na kishikizi chake. Kwa aliyechagua TRX-4M: gari, betri ya pili, bisibisi.